Torika na Mstari wa Tatu

Visiwa hivi vya Pasifiki vina wazimu wa raga. Mtoto akianza tu kutembea anapewa mpira, na anayechagua kuruka viunzi huulizwa kama ana akili timamu. Torika Vuniyaro mwenyewe hajawahi kuruka hata kiunzi kimoja, na kwa mwili ule wake kiunzi ndicho kingeomba msamaha. Lakini kwa miaka ishirini na miwili hakuna mbio za viunzi zilizokimbiwa Suva bila mikono yake kuvipanga.

Siku za kazi anafua mashuka ya hoteli. Uwanjani alianza kuja wakati mwanawe wa kwanza alipokuwa akikimbia shuleni na walimu wakakosa mtu wa kubeba vifaa. Mwaka uliofuata mwana akaacha viunzi, akaenda kwenye raga kama wenzake. Mama akabaki. Walipomcheka, aliwajibu kwamba kama mwanawe amechoka hayo ni yake, yeye bado ana nguvu.

Kupanga viunzi si kuvisimamisha tu. Chini kuna alama za rangi, buluu za wanaume na njano za wanawake, na kwa jua na mvua za Suva rangi hizo zote zilikwisha kupauka, hata ukiinama huna hakika. Kwa hiyo Torika ana utaratibu wake. Mistari kumi ikishasimama, anavua kandambili na kutembea kando ya njia ya nane, mstari hadi mstari, akihesabu hatua. Viunzi vya wanaume, hatua kumi na nne kila pengo. Zikitimia, anainua mkono, na Apenisa, mwanzishaji mbio, hagusi bastola kabla ya mkono huo. Watu wa kwao Apenisa na watu wa kwao Torika ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo mzee huyo humuuliza kila mara kama anahesabu hatua au anatafuta hereni aliyoangusha mwaka jana.

Mwaka huu mashindano ya mataifa ya Pasifiki yaliletwa Suva, na pamoja nayo akaja msimamizi kutoka Australia, Bwana Prentice, mtu mpole mwenye kofia nyeupe na jicho lisilobanduka kwenye saa. Asubuhi ya kwanza alimwona Torika akitembea peku na akauliza kile ni nini. Alipoelezwa, alisema mbele ya wote kwamba miguu ya mtu haimo kwenye kitabu cha kanuni, kwamba televisheni haisubiri, na kwamba kuanzia mwaka ujao viunzi vitapangwa na watu wenye vyeti. Torika alimjibu kwamba cheti hakibebi kiunzi. Watu walicheka, lakini maneno yale yalimkaa rohoni. Kazi hii haikuwa na mshahara wala sifa. Ilikuwa yake, basi, na hakutaka kunyang'anywa.

Siku ya tatu, alasiri, ikaja fainali ya wanaume ya mita mia na kumi. Wanawake walikuwa wametoka tu kukimbia, mvua ikapiga kidogo ikaacha, na Prentice akatoa dakika saba za kuhamisha viunzi. Torika alichukua mstari wa kwanza, wa pili na wa tatu, kama kawaida yake. Binti yake alikuwa amemnunulia miwani. Ilikuwa nyumbani ndani ya kabati, kwa sababu inateleza jasho likimtoka. Mstari wa kumi ulipokamilika, Prentice alimwambia leo hakuna kutembea, akae.

Alikaa dakika moja. Hakuweza.

Wakimbiaji walikuwa wakijaribu. Wanachomoka kwenye vibao vya kuanzia, wanaruka kiunzi cha kwanza na cha pili, halafu wanarudi. Katika kujaribu, hakuna anayefika cha tatu. Miongoni mwao alikuwemo Emosi, kijana wa hapahapa, miaka ishirini na mitatu, aliyebakiza sehemu ndogo tu ya sekunde apate nafasi ya mashindano ya dunia. Torika alivua kandambili. Mstari wa kwanza hadi wa pili, kumi na nne. Wa pili hadi wa tatu, kumi na tatu. Alirudi akahesabu upya. Kumi na tatu. Wa tatu hadi wa nne, kumi na tano.

Mstari wa tatu ulikuwa umesogezwa nyuma, na aliyeuweka alimjua.

Mruka viunzi hatazami chini. Ana hatua tatu tu kati ya kiunzi na kiunzi, na anazikanyaga kwa kasi yote aliyonayo bila kufikiri. Mpunguzie nusu mita, goti linakutana na ubao kabla hajanyanyuka. Torika alijua hilo, na alijua vilevile kwamba akifungua mdomo, Prentice atakuwa amepata ushahidi wake mbele ya uwanja mzima. Wazo la kunyamaza lilimpitia. Baadaye hakulikana.

Kwa amri ya Prentice, Apenisa akawaita wakimbiaji kwenye nafasi zao. Wanaume wanane wakapiga magoti. Torika akaingia uwanjani, akasimama katikati ya njia ya tano, mikono juu.

Mbinja na zomeazomea zikaanza jukwaani. Emosi aliinua kichwa, uso umekunjamana. "Shangazi, toka bwana. Miguu inapoa. Hii siku yangu, unaniharibia."

Prentice alifika mbio. Torika akamwambia mstari wa tatu umekaa vibaya, na aliyekosea ni yeye mwenyewe, Torika. Prentice alijibu kwa sauti ya chini kwamba vijana wamejaribu viunzi na hakuna aliyelalamika, kwamba watapima baada ya mbio ikibidi, na kwamba atoke kwa hiari au atolewe.

Torika akakaa chini. Aliketi palepale kwenye maji, akaiweka sawa sulu yake, nguo ya kujifunga kiunoni, akanyoosha miguu.

"Basi waniruke mimi kwanza," alisema.

Prentice alimgeukia Apenisa, akamwamuru amwite mlinzi na aendelee. Wenyeji wote walimtazama mzee yule, maana mtani hapewi nafasi kubwa kuliko hiyo ya kumuumbua mwenzake.

"Mtani," Apenisa alisema, "umri huu bado unatafuta televisheni?"

"Nimehesabu mara mbili. Kumi na tatu. Kama ni uongo, piga."

Apenisa aliitazama miguu yake iliyolowa. Kisha akafungua bastola, akatoa risasi za baruti moja moja, akazitia mfukoni.

"Bwana Prentice," alisema, "huyu mama nimemtukana miaka ishirini. Nimemtukania pua, nimemtukania upishi. Kwenye hatua zake sijapata cha kusema hata siku moja. Leteni futi kamba."

Ikaletwa. Viunzi vyote vinane vya mstari ule vilikuwa vimesimama kwenye alama za njano, nusu mita kamili nyuma ya zile za buluu. Prentice alipima mwenyewe, kisha akapima tena. Wakavisogeza, na Torika akabeba viwili.

Mbio zilikuja kuanza kwa kuchelewa dakika kumi na moja. Emosi aligonga kiunzi cha nane, akamaliza wa pili nyuma ya kijana wa New Zealand, na muda alioutaka hakuupata. Kuna watu jukwaani waliomtupia Torika maneno ambayo hayaandikiki. Alisimama akawatazama mpaka wakamaliza.

Emosi hakwenda kwa waandishi wa habari. Alitembea hadi kwenye mstari wa tatu, akaweka kiatu kwenye alama ya buluu, akaweka cha pili mbele yake, na ncha yake ikafika kwenye njano. Kisha akaja kwa Torika, akachuchumaa, akapiga makofi matatu ya polepole kwa viganja vilivyokunjwa, kama wafanyavyo watu wa visiwa hivi mbele ya wakubwa.

"Shangazi, nimekukosea."

"Umekosea kiunzi cha nane," Torika akamjibu. "Uliruka mapema mno. Inuka."

Prentice alimkuta kwenye benchi. Wala si mtu mbaya. Alikuwa na ripoti mkononi, na ndani yake ameandika kwamba kosa la mstari wa tatu lilisababishwa na mvua. Alieleza kwamba Torika akitia sahihi, hakuna jina la mtu litakaloingia, na habari ya vyeti yeye ataisahau. La sivyo, itabidi aandike aliyekosea, na wakubwa huko juu watamfuta kazi.

Torika aliisoma akiishika mbali na uso.

"Mvua haikubeba hata kiunzi kimoja," alisema.

Akachukua kalamu ya Prentice, akalikata neno mvua, na juu yake akaandika Torika Vuniyaro kwa herufi kubwa. Chini akaongeza kwamba aliyekosea na aliyesimamisha mbio ni mtu huyohuyo.

Prentice aliuliza kwa unyonge nani basi atapanga viunzi vya kesho asubuhi.

"Mimi. Saa kumi na mbili niko hapa," Torika alisema, akimrudishia kalamu. "Anayetaka kunitoa aje na wenzake wanne."