Bati la Bluu

Mujukuu wangu ni mupimaji wa ardhi. Avenyu yetu yote inajua, maana nimewaambia wote, hata muuza makala ya kupikia. Siku alipokuja kupima parseli yangu, niliita majirani waone. Nilimuita hasa yule mama mujane wa upande wa ziwa, niliyekuwa nikimuita mula-ardhi. Yeye alipikia chini ya shiti ya plastiki, akisema ukuta wangu ulimunyima nafasi ya jiko.

Lava ya volkano ilikuwa imefunika nyumba zetu na miyenzi, ile miti ya mipaka. Tuliporudi, niliona kona ya bati langu la bluu imechomoza kwenye jiwe jeusi. Nililijua, nililipaka rangi mwenyewe. Nikasema nyumba yangu iko hapa chini, nikajenga kuanzia hapo. Mujane aliponung'unika nilimuambia, "Mama, wewe uliona bati lako? Basi nyamaza."

Mujukuu aliweka chombo cha satelaiti barabarani, penye anga wazi, juu ya borni mbili za zamani, yale mawe ya mipaka, ambazo lava haikuzifikia. Kwangu, katikati ya kuta na miavoka tuliyopanda baadaye, satelaiti hazishiki vizuri. Basi kutoka kwenye zile borni akapima kwa mashine ya miguu mitatu, ile inayotupa mwanga. Mimi nikamushikia fimbo yenye kioo, kona kwa kona, kifua mbele kama bibi arusi. Kisha akaketi na ordinateri, kompyuta yake, akaunganisha vipimo vya mashine na vya satelaiti, akavilaza juu ya plani ya zamani.

Akaangalia. Akaangalia tena.

"Sema kwa sauti," nikamuambia. "Wote wasikie."

"Koko, bibi yangu, twende ndani kwanza."

"Ndani sina siri."

Akainamisha kichwa. "Lava ilibeba bati, Koko. Ililivuta ikishuka ziwani. Jiko lako lote liko kwa mama mujane."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Muzee mumoja alikohoa, akatazama viatu vyake. Mimi bado nilikuwa nimeshika ile fimbo, sijui niiweke wapi.

Mujane ndiye alisema. "Usibomoe, mama. Maharagi yako yako motoni. Yaive kwanza."

Angenitukana ningejua la kujibu. Niliingia, nikaitoa sufuria ikichemka, nikaiweka juu ya mawe matatu nje, upande wangu. Mvua ikanyesha, moto ukazima. Nilikula maharagi mabichi, nikasema ni matamu, na mujukuu akala naye bila kunitazama.

Ukuta nimeuhamisha. Jiko nimemuachia na mabati yake, sasa anapikia humo, mimi nipo chini ya shiti. Kila saa sita ananipitishia bakuli ya sombe, majani ya muhogo, juu ya ukuta na kuniita, "Mama, pokea." Napokea kwa mikono miwili, macho chini.