Mguu Uliopelekwa Chuoni

Juzi nilikwenda steshenari hapa Segerea kutoa kopi ya kitambulisho. Nikamkuta binti anajaziwa maombi ya chuo cha sanaa, na siku ya mwisho ilikuwa hiyo hiyo.

"Sista, wanataka picha za kazi zako," akasema kijana wa kompyuta.

Binti akakunja vidole vyake vilivyokolea rangi nyeusi ya piko. "Sina, braza. Mie nawachora maharusi maua miguuni."

"Si uwapige picha hao maharusi?"

"Miguu ya bibi harusi? Mumewe mwenyewe hajaiona, nikaionyeshe chuo kizima?"

Nikampenda papo hapo. Siku hizi wengine wanarusha mtandaoni mpaka kitanda.

"Basi tuandike unapenda kusoma vitabu. Wote wanaandikaga hivyo."

Binti akachukua mkoba wake aondoke, machozi yanamlenga. Nikakaa kwenye benchi, nikavuta dera mpaka gotini.

"Piko unayo?"

"Ipo kwenye mkoba, bibi, lakini..."

"Lakini nini? Wa kuuonea wivu mguu huu nilishamzika. Chora."

Akapiga magoti sakafuni, akachora maua toka kidole gumba mpaka kwenye ugoko, akiyapitisha kwenye makunyanzi yangu kana kwamba yaliwekwa kwa kazi hiyo. Wateja wakasahau kopi zao. Kijana akapiga picha, huku ananigombeza nisitikisike.

Maombi yamekwenda, majibu bado. Wakimkatalia, nawaambia mapema, mguu nitawapelekea mwenyewe wauangalie vizuri.