Walisema mtu wa diploma hawezi kuwaita watu wa masters za online kwenye homecoming

Wakuu, habari za kushinda.

Haya niliyaona mwenyewe, sikusimuliwa. Anayebisha aje kwa cyber yangu tubishane ana kwa ana.

"Diploma haiwezi kuita masters ikaitika."

Hayo ni maneno ya mwenyekiti wa chama cha wahitimu wa chuo chetu, kwenye mkutano wa kupanga homecoming, ile siku ya wahitimu kurudi chuoni, katika hoteli moja hapa town. Tunamwita Engineer. Anaishi Spring Valley, mtaa wa matajiri, na atakuambia hivyo hata kama hujamuuliza.

Mwingine wa kamati akadakia: "Si huyu alikuwa ng'ambo akibadilisha wazee nepi?"

Wakacheka.

Ndiyo, nilibadilisha. Miaka sita, Uingereza, na hao wazee walikuwa na adabu kuliko kamati hiyo yote. Nilirudi na kompyuta tisa, nikafungua cyber karibu na River Road. Sikurithi shamba. Sikupewa tenda na mjomba. Nina diploma moja tu, na vingine vyote nimevitafuta kwa mikono hii. Nasema bila aibu.

Sasa, kilichotufikisha hapo.

Chuo chetu kilianzisha masters za online. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wateja wangu: walimu, manesi, makarani. Nimewafundisha baadhi yao hata kufungua attachment. Walikuwa wanasoma, wanahitimu, na hawajawahi kukanyaga chuo hata siku moja.

Mmoja ni Sista Nafula, nesi kutoka Kakamega. Likizo zake zote alizimalizia kwenye kompyuta yangu ya dirishani akiandika thesis. Siku moja aliniambia, "Boss, mimi nataka tu jina langu lisomwe huko, kama ya wengine."

Muelewe, kwetu homecoming ina desturi yake. Watu wanakaa kulingana na bweni walilolala wakiwa wanafunzi. Bweni likiitwa, watu wake wanasimama na kuimba wimbo wao, kisha mzee wa bweni anafungua daftari. Wapya wanatia sahihi na majina yao yanasomwa. Ukishasomwa, wewe ni mwanachama na una kura. Usiposomwa, wewe ni mgeni aliyekuja kula pilau.

Na mtu wa online hajalala popote.

Basi kwenye mkutano ule nikawaambia kamati nitawaleta wote waliomaliza. Baada ya kicheko chao Engineer akasema sawa, lakini tenti na viti vya chama ni vya mabweni. "Hao wako wa internet wakae kwa internet."

Nilirudi cyber nikaandika email kwa kila mmoja, mtu kwa mtu, kwa jina lake. Walijibu karibu wote.

Halafu nikaanza kuazima. Viti, kanisa moja la Mountain View. Sufuria, Mama Njoki na chama chao cha akina mama. Tenti, kamati ya matanga ya Kangemi, kwa mzee mmoja anaitwa Shikuku. Kote nilikopeshwa kwa mdomo tu. Mweka hazina wa kanisa alinitazama akasema, "Watu wa homecoming nawajua. Viti huenda, havirudi."

Hata kadi za mwaliko nilichapisha mwenyewe. Nilichukua kadi ya chama ya zamani nikaiga kila kitu, mpaka mstari wa rangi. Nilijivunia sana kazi hiyo.

Siku ikafika. Niko ndani ya uwanja wa chuo nafunga kamba za tenti, naona lango limejaa watu na hakuna anayeingia.

Nikaenda mbio. Askari wa lango ameshika kadi ya Sista Nafula.

"Mama, bweni gani?"

"Sina bweni. Nilisoma kwa mtandao."

"Hapa imeandikwa *Bweni*, na ni tupu. Kadi tupu ni ya wageni. Wageni wanakaa kule kwa madereva."

Kadi ni yangu. Ule mstari wa bweni niliunakili mimi mwenyewe, kwa majivuno yangu, nikawatumia watu ambao hawakuwa na cha kujaza. Na Engineer amesimama kando na soda mkononi, anatazama, anatabasamu.

"Nilikwambia," akasema.

Nikatoa kalamu. Nikachukua kadi ya Sista Nafula nikaandika: Longonot. Ndilo bweni nililolala mimi. Nikachukua ya pili, Longonot. Ya tatu, Longonot. Niliandika mpaka askari akachoka kusoma, akafungua lango.

Longonot ilipoitwa, tulisimama kundi ambalo chuo hicho hakijawahi kuona. Nusu yetu wanawake.

Engineer akanyakua maikrofoni. "Hapana, hapana! Longonot ni bweni ya wanaume!"

Sista Nafula hakungoja mtu amtetee. "Mwenyekiti, kama ni kulala, mimi nimelala kwa keyboard mpaka herufi zikabaki kwa shavu. Bwana yangu ni shahidi."

Watu walilia kwa kicheko.

Mzee wa bweni letu ni Mwalimu Kamau, mstaafu. Alifungua daftari taratibu, akamwambia Engineer, "Wewe mwenyewe ulilala Longonot muhula mzima chini ya kitanda changu, kwa sababu fees ilikuwa imekataa kulipika. Nani aliuliza?"

Engineer akashusha maikrofoni.

Wakatia sahihi, mmoja mmoja. Majina yakasomwa. Jina la Nafula liliposomwa hakushangilia. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akaangalia chini.

Mnadhani hadithi inaisha vizuri hapo? Kwenye kutoa shukrani, Engineer alishukuru wapishi, askari, mpaka hali ya hewa. Kwangu, kimya. Kesho yake akanipigia simu anataka orodha ya email "za wanachama wetu wapya". Wetu! Nikamwambia aandike barua kwa bweni la Longonot.

Jumanne nilirudisha vyote. Viti, mweka hazina alivihesabu mara mbili, vyote vipo. Sufuria, Mama Njoki akazigonga, akaridhika. Mwisho tenti, kwa mzee Shikuku.

"Na ilikuwa matanga ya nani?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa, mzee. Tulikuwa tunaandikisha watu."

"Wakaandikwa?"

"Wote."

Akakunja ile tenti, akanitazama tena. "Sasa mbona umekasirika hivyo?"

Nikachukua kamba nikamsaidia kuifunga tenti yake.

Funzo langu: ukiwafungulia watu mlango, usiige kadi ya waliowafungia. Hilo kosa ni langu na nimelimeza. Ya Engineer bado hayajapita kooni.

Haya, uwanja ni wenu, waliolala bweni na waliolala kwa keyboard. Kama mnaona nilikosea kwa Mwenyekiti, semeni. Ila msiniambie nimsamehe kabla hajaomba.