Siku Niliyoiamkia TV ya Marehemu

Mpaka leo nikimwona mtu wa Liuli, hata kama ni pale stendi ya Mbinga katikati ya watu, nageuza uso najifanya nasoma maandishi ya ubavuni mwa basi, kwa sababu najua akinitambua tu atasema, "Shikamoo TV!" halafu atacheka mpaka akae chini, na mimi nitacheka naye ili yaishe, ila ndani nakuwa nimekufa. Mmeniuliza sana. Haya, leo nasema.

Mimi mtu wa Tanga, nilipangiwa kufundisha hesabu Liuli, kule kando ya ziwa, miaka ile soko huria limeshafunguka na kila kitu kinaingia, mitumba, redio za kanda, mpaka zile gemu za kuchomeka kwenye TV. Kaka yangu alinipa moja naondoka (alinionea huruma, nadhani), ina kibastola cha plastiki, bata wanaruka kwenye kioo, wewe unawatungua. Basi gemu ninayo, kibastola ninacho, TV sina. TV niliyoambiwa ipo ilikuwa moja tu, ya Bibi Winfrida, na hiyo haikuwa imewaka tangu mumewe, Mzee Gotfrid, afariki.

Mzee huyo alifanya kazi miaka mingi ng'ambo ya ziwa, Malawi, akarudi nayo kwenye boti, TV ya chogo, nzito kama gunia la mahindi mabichi. Sikumkuta hai. Nilimjua kwa picha iliyotundikwa juu ya hiyo TV: mzee wa mvi na sharubu, anakutazama popote utakapokaa.

"Chukua, Mwalimu," Bibi aliniambia baada ya kubembelezwa sana. "Ila siku ikiwaka uniite. Na usiifungue ukiwa peke yako."

"Kwa nini, bibi?"

"Ilizimika yenyewe, siku ile ile aliyoondoka."

Nikacheka (mwalimu wa hesabu, si mnanijua). Nikaifungua peke yangu. Ndani nilikuta viota vya manyigu vya udongo, mjusi aliyekauka amekumbatia waya, na harufu ya tumbaku, tumbaku ya moto kabisa, wakati mimi sivuti na kwangu hajawahi kuvuta mtu. Nikafungua madirisha. Nikasafisha kwa brashi, nikaifunga, nikaipeleka Mbinga kwa fundi, kona zote zile za milimani nimeipakata kama mgonjwa. Fundi akabadilisha vitu viwili vitatu vilivyoungua, akaiwasha, ikaanza kulia mluzi mwembamba sana, na nilipousogeza mkono karibu na kioo malaika yote ya mkononi yakasimama kuelekea kule, kana kwamba kuna mtu ananipapasa bila kunigusa. Tulipozima, kidoa cheupe kikabaki katikati ya kioo, hakiondoki, kinatutazama.

"Dada, nyuma huku usiguse hata ukiichomoa," fundi akasema. "Umeme wake hauondoki upesi. Unalala humo."

Sasa ningekuwa na akili ningeijaribu gemu taratibu na walimu wenzangu wawili. Mimi nikatangaza. Jumapili baada ya ibada, darasani, jenereta ya kuazima inanguruma nje, magunia madirishani kuzuia mwanga, watu wamejaa mpaka mlangoni, mwalimu mkuu yupo, Bibi Winfrida tumemweka mbele kabisa na shuka lake magotini. Waya wa gemu ukawa mfupi, haufiki mezani. Nikaokota kipande cha waya mtupu wa shaba, nikauunga, nikaupitisha juu ya nondo za dirisha. Ndiyo hivyo tu. Hilo ndilo kosa langu lote.

Bata wa kwanza nikamtungua. Watu wakashangilia! Wa pili nikamlenga, na hapo rangi zikaanza kufifia, bata akasimama angani haendi popote, chenga zikashuka kama mvua, na nyuma ya bata taratibu kikaja kichwa. Kwanza mabega, halafu mvi, halafu sharubu. Midomo inatembea, sauti hakuna. Mkono wangu bado umenyooka, bastola imemlenga usoni, na kidole (sijui kwa nini, naapa sijui) kikabonyeza.

Tri!

Nikaitupa. Nikapiga magoti palepale, mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya mwalimu mkuu, nikapiga kelele, "Shikamoo, babu! Shikamoo! Nisamehe, sikukusudia!"

Na TV ikajibu. Sauti nzito, kama inatoka ndani ya mtungi: "Muli bwanji."

Nyuma yangu nikasikia kiti kinasogea, Bibi Winfrida amesimama, anaitikia salamu polepole kwa Kinyanja hicho hicho, lugha aliyokuwa akizungumza na mumewe nyumbani: "Tili bwino."

Ndipo mtu mlangoni akalipuka, "Malawi hiyo, Mwalimu! Umeamkia taarifa ya habari!" Kicheko chake, jamani, nilidhani bati litang'oka. Waya wangu wa shaba ulikuwa umenasa matangazo ya ng'ambo. Watoto wakaanza kunipigia shikamoo kwa zamu, mwalimu mkuu anafuta machozi ya kucheka, na mimi bado niko sakafuni. Aliyekuwa hacheki ni Bibi peke yake. Alikaa, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Kesho yake nikaenda kumwomba radhi, maana aibu yangu ningeweza kuibeba, lakini yeye nilimfufulia mume kisha watu wakacheka.

"Mimi macho yangu hayaoni mbali," akaniambia. "Nilisalimiwa, nikaitikia. Wewe ulimwona nani?"

"Msoma habari, bibi. Mzee mmoja wa sharubu."

Akasogea karibu yangu.

"Nimewauliza majirani wote waliokuwepo. Wote wanasema alikuwa binti, amefunga kilemba chekundu." Akanishika mkono. "Basi usiwaambie. Waache wacheke."

Nikawaacha wacheke, mpaka nilipohamishwa. TV nilimrudishia wiki ile ile, nikiwa nimeifunika na nimeigeuzia mbele, kioo kisinitazame. Na tangu siku hiyo mtu akinipa kitu cha marehemu, kiwe redio, kiwe saa, hata pasi, namshukuru kwa heshima zote na namwambia nyumbani kwangu hakuna nafasi.