Usiandike kwenye Kifuniko

Iko siku moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa naweka kikombe chini kwanza. Nilikuwa nimefungua kabati la joto kwenye maabara ya chuo chetu kule Houston, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unatoa visahani vya bakteria, na visahani viwili vikaniponyoka. Havikuvunjika, ni vya plastiki. Vilianguka mezani tu, vifuniko vikaenda huku, visahani vikaenda kule. Nikatazama mlangoni, na hakukuwa na mtu.

Keti vizuri. Chai ipo, na mama yako nimeshampigia nikamwambia leo utachelewa kidogo kutoka huku kwangu Lewisville. Najua nikianza habari za zamani unaangalia saa ya treni. Lakini Jumatatu unaanza maabara, na nilipewa sharti nikusimulie hili kabla hujaingia. Mwenye sharti utamjua.

Wakati ule nilikuwa wa rika lako, na nilipenda kusifiwa. Nilikaa Sugar Land, mji ulio kando ya Houston, kwa shangazi yangu, nesi, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa ananitambulisha kwa akina mama wenzake Wakenya: "Huyu ndiye anatengeneza bakteria." Wale mama walinitazama kwa heshima, halafu wakarudi nyuma hatua moja. Mimi nilifurahia yote mawili.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo unayokwenda kuifanya. Unachukua bakteria asiyedhuru mtu, unamwingizia vinasaba ulivyovipanga mwenyewe, unampa kazi ambayo hakuumbwa nayo. Sisi tulitaka bakteria atakayegeuka mwekundu akiwekwa kwenye maji yenye madini ya sumu, ili mtu wa kawaida aweze kujua kama kisima chake kinafaa. Tulikuwa wanafunzi wanne, lakini mipango ya vinasaba ilikuwa miwili tu, wangu na wa Chantal.

Chantal alikuwa Mrundi, amezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, akaletwa Houston akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa mpole, na daftari lake aliliandika herufi moja moja kama mtoto wa darasa la tatu. Baba yake alikuwa kiwandani, mama yake akisafisha vyumba vya hoteli. Walikuwa wamekubaliana naye hivi: amalize muhula ule, na kama utafiti haumfikishi popote, aachane nao, asomee kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa aanze kazi. Profesa naye alikuwa ameahidi kwamba mpango utakaofaulu ndio utakaopelekwa Dallas kwenye maonyesho ya vyuo, na mwenye mpango ndiye atakayesimama kuueleza na kupewa nafasi ya kuendelea. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sifa. Kwa Chantal ilikuwa masomo yenyewe.

Sasa, vile visahani viwili. Kimoja kilikuwa na bakteria wa Chantal, cha pili wangu, wote weupe, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Siku ya kwanza kabisa tulifundishwa kuandika jina chini ya kisahani, upande wenye chakula cha bakteria, na kamwe tusiandike kwenye kifuniko. Siku ile zamu ya kuviandika vyote ilikuwa yangu, nami niliandika kwenye vifuniko. Ndivyo vilivyokuwa mbele ya macho yangu na nilikuwa na haraka. Hakuna sababu nyingine, usinitafutie.

Basi nikavifunika kwa kukisia. Nikajiambia hiki kilikuwa kushoto, hiki kulia, nikavirudisha kabatini, na daftarini nikaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Kazi yote ile ilinichukua dakika moja.

Baada ya wiki chache bakteria wangu walitiwa kwenye maji ya sumu wakawa wekundu, wekundu wa kupendeza kabisa. Profesa aliniita mbele ya wenzangu akanipa mkono wa pongezi. Wa Chantal hawakubadilika. Alirudia jaribio lilelile wiki tano, akija asubuhi kwa mabasi mawili, na kila akivitazama vichupa vyake vya maji ya sumu anavikuta vyeupe. Kusoma vinasaba, ili tuhakikishe yupi ni yupi, tulikuwa tumekuacha hadi mwisho kwa sababu tuliyaamini maandishi. Maandishi yangu.

Siku moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi analia. Nilimpa tishu. Nikamwambia, "Usijali Chantal, research ndivyo ilivyo." Na nilikuwa najua, mwanangu. Mpango wangu ulikuwa na kasoro, nilishaiona mwenyewe kwenye karatasi mwezi mmoja nyuma, na bado nilipopewa mkono niliupokea. Naona aibu kukuambia, lakini nimeshakuambia.

Aliyenishika hakuwa profesa. Chumba cha nyuma kulikuwa na Mzee Deo, Mrundi pia, mtu wa misa ya kila asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vyetu, na kuvipitisha visahani vilivyotumika kwenye mashine ya mvuke inayoua kila kilicho hai kabla havijatupwa. Sisi wanafunzi tulimsalimia tu na kupita. Ijumaa moja nikampelekea mfuko wa visahani vya zamani. Ulikuwa mfuko unaoonyesha ndani. Akautazama muda mrefu.

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu, Mzee."

"Mbona uko kwenye vifuniko, na chini hakuna kitu?"

Nilicheka kidogo, kama mtu anayetaka jambo lipite. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, akaniambia kwamba kambini alikuwa anagawa dawa kwenye zahanati. Walikuwa na makopo mawili yanayofanana, na majina yalikuwa kwenye vifuniko. Asubuhi moja aliyafungua akayafuta vumbi yote mawili kwa pamoja, akafunika bila kuangalia. Mtoto mmoja akanywa dawa isiyo yake.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nikasema siku ya tatu. Mtoto alipona, Mungu ni mwema, lakini mama yake akiniona njiani alikuwa anavuka upande wa pili. Na si kwa sababu ya kosa, kijana wangu. Kukosea alinisamehe. Zile siku mbili ndizo zilizomshinda."

Akachukua mfuko, akaufunga. "Yule binti wetu analia hapo kwenye ngazi kila siku. Mimi sikuulizi kitu. Nenda."

Heri angenifokea. Jumamosi nilichukua gari la shangazi nikaenda kwa akina Chantal. Mama yake alinifungulia mlango kwa furaha kubwa, "Karibu, mwenzake Chantal wa shuleni," na kabla sijasema neno nikawa nimewekewa ugali, maharage na dagaa. Karatasi za kozi ya kuhudumia wagonjwa zilikuwa pale mezani, zimeshajazwa kwa ule mwandiko wake, bado kutiwa sahihi tu. Nilikula matonge mawili tu, la tatu nikalirudisha sahanini, nikamwambia Chantal kila kitu mbele ya mama yake.

Hakupandisha sauti. Alinitazama, akasema, "Wiki tano. Ulikuwa unaniona nalia, unanipa tishu."

Mama yake aliondoa sahani mbele yangu polepole, akaipeleka jikoni, na hakurudi kukaa nasi. Sijawahi kunyang'anywa chakula tangu siku hiyo.

Jumatatu tulikwenda kwa profesa pamoja, mimi nikasema. Vinasaba vikatumwa kusomwa, na ikawa hivyohivyo: wale wekundu walikuwa wa Chantal tangu mwanzo. Zile karatasi za kozi hazikutiwa sahihi. Dallas alisimama yeye, amevaa kitenge cha mama yake, akaeleza mpango wake kwa Kiingereza kilichonyooka. Mimi nilibeba bango mpaka ukumbini na kulibandika ukutani. Profesa aliniondoa kwenye orodha ya wasemaji na kunipa muhula mzima wa kuosha vyombo na Mzee Deo, na yule mzee akanifundisha kazi vizuri bila kunikumbusha lile jambo hata mara moja.

Na Chantal? Alinisemesha kwa adabu. Nilingoja karibu miaka mitatu kabla hajacheka tena nikiwa chumba kimoja naye. Leo tunaalikana harusi na ubatizo, lakini ile miaka mitatu niliihesabu mimi.

Sasa nisikilize, maana ndilo nililokuitia. Utakosea. Utamwaga, utachanganya, utasahau kuzima, na hakuna mtu mwenye akili atakayekufukuza kwa hayo. Ila ukikosea, sema saa hiyohiyo, kabla hujapata muda wa kutunga sababu, kwa sababu kila siku unayonyamaza kuna mwenzako anafanya kazi juu ya uongo wako na kudhani mjinga ni yeye. Ukipewa mkono wa pongezi huku moyo wako unajua si wako, urudishe palepale, hata kama wote wanapiga makofi. Msalimie anayeosha vyombo, umjue kwa jina. Na jina liandike chini ya kisahani, mwanangu, si kwenye kifuniko, hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Hiyo maabara unayokwenda Jumatatu, mkuu wake ni Dokta Chantal. Nilipompigia kukuombea nafasi alisema, "Mlete. Lakini kwanza umwambie mwenyewe, yote, usikate." Nimekuambia yote. Utamwona siku ya kwanza: ukimpa kisahani atakigeuza na kutazama chini kabla hajakujibu salamu. Usimuulize kwa nini anafanya hivyo, maana sasa unajua sababu ni mimi.

Nenda, treni isikuache. Mungu akupe mkono usiotetemeka na ulimi usiokawia kusema kweli, na siku Dokta akikigeuza kisahani chako, alikute jina lako pale chini.