Chuo Kikuu Kilipokuja Kujifunza Kwetu

Mkuu wa shule yetu aliingia darasani bila kubisha, ndiyo tabia yake, akasema mbele ya watoto wote: "Mwalimu, umechaguliwa." Nilikuwa na chaki mkononi, na mtoto mmoja alikuwa analia kwa sababu mwenzake amemkalia kidole. Nikauliza nimechaguliwa kwa lipi. Akasema chuo kikuu kinataka kushirikiana na shule yetu, na wameomba mwalimu mmoja wa darasa la kwanza ili wajifunze.

"Nani ajifunze kwa nani?" nikauliza.

"Wao, kwako."

Akatoka. Wallahi, nilidhani ananitania.

Mimi ninafundisha darasa la kwanza, shule ya msingi ya serikali, hapa hapa Kisangani, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Wanaume wenzangu niliofundisha nao walipanda: mmoja darasa la sita, mwingine akawa mkuu wa shule, mwingine aliacha kabisa akafungua duka la dawa. Mimi nilibaki na wadogo, na walimu wananiita "mama ya première", yaani mama wa darasa la kwanza, nami nimezoea. Tangu masomo yawe ya bure, watoto wamejaa hadi mgongo wa mmoja ndio meza ya mwingine. Na kitu chochote kinachotoka juu kuja kwetu huwa ni ukaguzi. Mtu anakaa nyuma, anaandika, anaaga kwa heshima, halafu wewe unabaki mwezi mzima unajiuliza kaandika nini. Kwa hiyo niliposikia habari ya chuo kikuu kuja "kujifunza", nikajua huu ni ukaguzi uliopakwa manukato.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Lililoninyima usingizi ni binti yangu.

Binti yangu, mtoto wa kwanza, alikuwa anasoma chuo hicho hicho, upande wa elimu. Hakuwa ameuchagua. Alitaka udaktari, mlango haukufunguka, akaingia kwenye mlango uliokuwa wazi. Basi kila nilipomwona ameinama juu ya vitabu vya ualimu, moyo wangu ulikuwa haujui ukae wapi. Nilitaka asinifuate katika kazi hii, maana naijua. Na tena nilitaka asiikatae, maana ni yangu. Niambie, mtu anaweza kutaka mambo mawili yanayopigana? Mimi niliyataka, asubuhi na jioni, na mke wangu akasema nimekuwa na hasira za bure.

Profesa alikuja shuleni wiki ile. Mwanamke mfupi, miwani, sauti ya chini. Alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni, na hakuonekana kujali. Kengele ilipolia akabaki nami.

"Mwalimu," akasema, "sisi tunawafundisha wanafunzi wetu namna ya kufundisha. Wanafaulu vizuri. Halafu wakisimama mbele ya watoto, wanapotea. Hatujui tunakosea wapi. Tusaidie."

Nikamtazama kwa makini nitafute mtego uko wapi. Sikuuona, na hilo likanitia wasiwasi zaidi. Akaeleza mpango wao: kwanza niende chuoni nifundishe somo mbele ya wanafunzi wake, jinsi ninavyofundisha siku zote. Baadaye wanafunzi watakuja kwenye shule za mji, kila mmoja akae na mwalimu miezi kadhaa, na sisi walimu tutakuwa tunakwenda chuoni kusema tulichoona. Mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga makofi: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mimi nilikuwa bado sijajua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani.

Siku ya kwenda, mke wangu alipiga koti langu pasi ya makaa. Binti yangu akasimama akitazama.

"Papa, utavaa ile koti?"

"Ina nini?"

"Haina kitu."

Akabeba mkoba wake akatangulia, ingawa njia yetu ilikuwa moja. Nami nikapanda toleka, baiskeli zetu hizi za abiria, na mfuko wa vifuniko vya chupa ninaohesabia na watoto ulikuwa unalia chwaka chwaka kila tulipopita shimo. Kijana mwenye baiskeli akauliza, "Papa, unaenda kuuza nini?" Nikamwambia aangalie mbele.

Sasa, hakuna aliyewahi kunionyesha namna ya kufundisha watu wazima. Niliingia katika ule ukumbi, viti vinapanda kama ngazi, vijana wamejaa, wengine wana ndevu kunishinda. Nikafanya kile mwili wangu unachokijua. Nikasema: "Simameni!" Mama na ngai! Wote wakasimama. Nikasema: "Kaeni!" Wakakaa. "Mikono juu ya meza!" Ikawekwa juu ya meza, ya profesa pia.

Bon, nikaanza. Nane toa tatu. Nikamwita kijana mmoja mrefu aje mbele, nikampa vifuniko vinane. Akajibu bila kuvigusa: "Tano."

"Umejuaje?"

"Ni tano tu, Mwalimu."

"Hapana. Nionyeshe."

Akaanza kuhesabu, akaharakisha, kimoja kikarudi upande usio wake, akapata sita. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nami, kwa mazoea, nikapiga meza: "Tunamcheka mwenzetu?" Wakaitikia kwa sauti moja, sauti nene za watu wazima: "Hapana, Mwalimu!"

Mpaka leo sijui kama walikuwa wanacheza au wanaheshimu.

Yakaja maswali. Msichana mmoja akauliza, "Mtoto akishindwa kabisa, unafanya nini?" Nikamgeukia profesa, maana huyo ndiye mwenye jibu la kweli. Profesa naye alikuwa ananitazama mimi, kalamu tayari. Nikangoja. Akangoja. Jasho likanishuka ndani ya lile koti. Mwishowe nikasema, "Inategemea." Na vichwa vyote vikainama. Walikuwa wanaandika! Watu wazima, wa chuo kikuu, wanaandika "inategemea" kama aya ya msahafu.

Kichwa kimoja hakikuinama. Binti yangu, safu ya nne, alikuwa ananiangalia tu. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, nikiona uso wa mtoto najua ana njaa, ana homa, au amekojoa. Uso ule wa mtoto wangu mwenyewe sikuusoma. Jioni tulikula lituma, ndizi zetu za kupondwa, na samaki, akala kimya, akaosha sahani, akalala. Mke wangu akauliza mlionana huko? Nikasema tulionana. Akauliza, ndiyo mkanuna hivyo?

Baada ya wiki chache wanafunzi wa chuo wakapangwa shule za mazoezi. Mimi, kwa siri, nilikuwa nimesafisha pembe moja ya darasa langu na kuomba kiti cha ziada kwa mkuu wa shule. Sikumwambia mtu ni cha nani. Binti yangu akatangaza akiwa anafunga kamba za viatu kwamba yeye atakuwa ng'ambo ya mto, avuke na pirogi, mtumbwi wa abiria, kila asubuhi.

"Nani kakutupa huko?"

"Niliomba mwenyewe."

Hasira ikanipanda, sifichi. "Kwani kwangu kuna ukoma?"

"Papa, kwako nitakuwa mutoto yako. Sitakuwa mwalimu." Akasema polepole, bila ukali wowote, na hapo ndipo aliponimaliza. Maneno niliyafahamu yote. Nisichofahamu ni kama baba aliyeambiwa hivyo anatakiwa kulia au kushukuru. Nikatoka nikaenda kukata majani nyuma ya nyumba, majani ambayo hayakuwa na kosa.

Mwanzoni alirudi na moto. Alichora picha, alikata maboksi, alikusanya mbegu. Halafu moto ukapungua. Sauti ikakauka, akaanza kurudi bila kusema lolote, viatu vimejaa matope ya ufukweni. Na Jumatano moja, mbele ya mama yake, akasema anaacha.

"Unaacha nini?" mama yake akauliza.

"Yote. Chuo pia. Jumamosi kuna boti ya Basoko. Nitaenda kwa tantine."

Dada yangu yuko Basoko, anafanya biashara ya samaki wa kukaushwa, na miaka mingi anaomba msaidizi. Maisha si mabaya kwake. Mke wangu alinivuta chumbani. "Sema naye." Nikamuuliza niseme nini. "Wewe ndiye mwalimu!" akafoka. Ala! Kana kwamba hilo ni jibu. Nimwambie abaki, nimfunge kwenye kazi iliyonikausha koo? Nimwambie aende, halafu kila nikiingia darasani nijue mwanangu alionja maisha yangu akayatema? Alhamisi yote nilifundisha bila kujisikia. Watoto walisoma ubao mzima juu chini na sikugundua.

Ijumaa, baada ya swala, nilimkuta uani anafua nguo za safari. Nikachukua kiti kidogo nikakaa karibu na beseni. Nilikuwa nimepanga hotuba nzuri, ina mwanzo na mwisho. Kabla sijafungua mdomo, akaanza yeye, bila kuniangalia.

"Papa, bale batoto banajua. Nawafundisha, banaitika, banaimba, banaandika. Nafurahi. Kesho yake nauliza kitu kile kile, hakuna hata mumoja. Sifuri. Ni kama sikukuja. Inaenda wapi, ile niliwapa?"

Nikamuuliza kama amemwambia mwalimu anayekaa naye.

"Nilimwambia. Akasema niulize chuo, chuo ndio banasoma mambo ya akili. Nikauliza asistenti wa chuo. Akasema niulize shule, shule ndio iko na uzoefu. Donc natembea na swali yangu, navuka nayo mto asubuhi, narudi nayo jioni." Akakamua gauni kwa nguvu kama analidai kitu. "Wewe ulisimama mbele yetu pale chuoni, ukasema simameni, tukasimama. Bote bananiambia, papa yako ni bingwa. Basi niambie, bingwa. Inaenda wapi?"

Hotuba yangu nzuri ikanipotea. Nilitafuta mwanzo wake, sikuuona, nikatafuta mwisho, nao haupo. Nikawaona watoto wangu wa Jumatatu, miaka na miaka ya watoto wa Jumatatu, wananitazama na macho meupe kama siku ya kwanza, juu ya kitu walichokiimba Ijumaa mpaka paa likatikisika.

"Sijui," nikasema.

Akaacha kukamua.

"Sijui, mama. Kwangu pia inaenda. Wengine inarudi baada ya wiki. Wengine mwaka unaisha haijarudi, halafu namkuta sokoni, mtu mzima, ananirudishia chenji bila kukosea, na sijui alijulia wapi. Narudia, nabadilisha, nakasirika, naomba Mungu. Lakini ukiniuliza inaenda wapi, sijui."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Alikaa chini, pale pale kwenye maji ya sabuni. Nikaogopa nimemmaliza. Nikajilaumu: ona sasa, mtoto amekuja kutafuta ukuta wa kuegemea, nawe umemwonyesha ufa. Mabega yake yakaanza kutikisika na sikujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua. Akajifuta uso kwa mkono wenye povu.

"Nilifikiri ni mimi peke yangu," akasema. "Nilifikiri bengine bote banajua, mimi ndio niko na kasoro."

Nilimsaidia kuanika. Jumamosi mchana tulisikia honi ya boti kutoka mtoni, na yeye alikuwa jikoni anatwanga pondu, majani ya muhogo, na mama yake. Mke wangu akaongeza majani kwenye kinu. Sikuthubutu kuuliza kama amebaki kabisa au amekosa boti hiyo tu. Usiku wa kuamkia Jumatatu niliwaza na kuwaza, na hadi leo sina hakika kama nilimfanyia wema.

Asubuhi alikuwa amevaa kabla yangu. Tulitoka pamoja, mara ya kwanza tangu aanze chuo, yeye na boksi lake la mbegu, mimi na koti lile lile. Tulipofika pale ambapo yeye anashuka kwenda kwenye pirogi nami nageuka kwenda shuleni, akasimama.

"Papa, jioni utanieleza kwako ilikuwa namna gani. Ile somo iliyokushinda, kwanza."

Nikaitikia. Akashuka, akapotea kati ya akina mama wenye mabeseni. Mimi nilibaki nimesimama njiani kama mgeni wa mji, pikipiki zinanipigia honi, kwa sababu kwa miaka yote niliyofundisha hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.