Mikono Isiyonuka

Mahindi yaliyokobolewa yakilala majini siku tatu hutoa uchachu unaoingia hadi kwenye nguo. Wiki iliyopita nilikuwa nayasuuza uani kwetu Lizaboni. Nikanusa vidole vyangu, nikakaa chini. Nilikumbuka jambo ambalo nyumbani sijamwambia mtu tangu darasa la tano.

Mwaka ule mdogo wangu Deo alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na mama alitaka unga mweupe hasa kwa ugali wa wageni. Kazi ya mahindi alinipa mimi: kila asubuhi nimwage maji ya zamani, niyasugue mahindi kwa mikono, nitie maji mapya. Maji ya bombani aliteka Sabina, mtoto wa mama mdogo, aliyeletwa kwetu kutoka kijijini ili asome. Sabina alikuwa mwingi wa maneno na vicheko. Mimi nilikuwa mkimya, na mama aliugeuza ukimya wangu kuwa sifa. "Huyu wangu ukimwagiza umemaliza," aliwaambia watu. Niliyapenda maneno yale kuliko nguo mpya.

Lakini ukiyasugua mahindi yale, mikono hunuka mpaka jioni, hata kwa sabuni. Shuleni waliniita Mama Togwa, kwa ule uchachu. Kwa hiyo siku mbili sikuyagusa.

Ijumaa shangazi alikuja kutoka Matogoro. Mama alinisifu tangu chai ya kwanza hadi ya pili. Kisha shangazi akaenda uani, akafunua ndoo ya mahindi.

"Wifi, hiki ni chakula cha watu au cha nguruwe?"

Tuliitwa mimi na Sabina. Mama aliniuliza taratibu, "Ulibadilisha maji?"

"Nilibadilisha, mama. Hata leo asubuhi."

"Basi ni maji yenyewe," alisema shangazi, akimtazama Sabina. "Huyu mgeni wenu ameteka kwa ndoo chafu. Si ndiyo?"

Aliniuliza mimi. Niliitikia kwa kichwa.

Mama akanishika mkono. Akaunyanyua kama anayekagua kucha, ukafika karibu na pua yake, ukakaa hapo kidogo. Nilidhani ananituliza. Akauachia.

Sabina alinitazama, akamtazama mama mkubwa wake, akainama. "Sikuisuuza ndoo. Nisamehe, mama mkubwa."

Jumapili wageni walikula ugali wa unga wa dukani. Sabina hakwenda kanisani. Alibaki kusugua masufuria. Niliporudi nilimuuliza kwa nini alikubali. "Mimi wameshanizoea hivyo," alisema, akacheka kidogo. "Wewe ungelia mwezi mzima."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilimdanganya mama. Nilijuta kwa hilo tu, nikaliungama hata kwa padri. Wiki iliyopita, vidole vikiwa puani, ndipo nilipouelewa ule mkono. Siku ile ulinuka sabuni tu. Mama alijua kabla Sabina hajafungua mdomo, ila shangazi alikuwa amesimama pale, na chai mbili za sifa zilikuwa zimeshanywewa.

Mama bado hunisifu mbele ya wageni. Akianza, mimi na Sabina hatutazamani. Naficha mikono chini ya kanga, na nimeona kwamba mama naye huificha yake.